Patriots na chaguo namba 3: Maye, McCarthy, Harrison au tuuze nafasi?

Wadau, naandika Aprili 2024, zimebaki siku chache, drafti ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ni Alhamisi tarehe 25 Aprili 2024 kule Detroit, kwa mlioko Dar na Nairobi ni saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa kwa hiyo anayetaka kukesha ajipange, na mpaka saivi kila shabiki wa Patriots, timu yetu ya New England, unayekutana naye hapa Lowell, Massachusetts, ana jibu lake na yuko tayari kugombana kwa ajili yake. Mmoja anataka kwotabeki, yaani yule mrushaji mkuu wa mpira, mwingine anasema kwotabeki bila ukuta wa kumlinda ni kumtoa mtoto kafara, mwingine kashaanza kuulizia bei ya jezi ya Harrison. Nimeona niziweke njia zote mezani, uzuri wake na ubaya wake, afu kila mtu aamue mwenyewe. Mi nimeshachagua na sitaficha.

Kwa mliozoea usajili wa Simba na Yanga, huku hakuna cha kumfuata mchezaji airport usiku wa manane. Vijana wanaotoka vyuoni wanapangiwa foleni, timu iliyoboronga zaidi inachagua kwanza, raundi saba, ukishamchukua ni wako, na mkataba wake wa miaka minne bei inaenda na namba aliyochaguliwa. Namba 3 mwaka huu ni kama dola milioni 36 kwa miaka yote minne. Joe Burrow pale Cincinnati anakula milioni 55 kwa mwaka mmoja tu. Hiyo muiweke kichwani maana nusu ya ubishi huu ni hela, kikomo cha mishahara ya timu mwaka huu ni milioni 255 na ushee, ukiwa na kwotabeki mzuri wa bei ya chipukizi basi kinachobaki unajengea ukuta, unanunua wapokeaji, unabakiza na chenji.

Tumefikaje hapa mnajua, ushindi 4 vipigo 13, Belichick kaondoka baada ya misimu 24, saivi kocha ni Jerod Mayo na anayeshika usajili ni Eliot Wolf. Ila kuna kipande kimoja cha msimu uliopita nataka tukirudie kabla hatujaanza kubishana. Novemba tulienda Frankfurt tukafungwa na Colts 10-6. Mechi iliyofuata Giants 10-7. Iliyofuata Chargers 6-0. Piga hesabu, difensi imeruhusu pointi 26 katika mechi tatu, na tumepoteza zote tatu, kwa sababu sisi tulipata 13 jumla. Na ile ya Frankfurt ndo ilikuwa picha kamili, kwotabeki wetu Mac Jones yuko karibu kabisa na mstari, mpokeaji wetu Gesicki kaachwa wazi, jamaa anarusha mpira unaelea kama hana nguvu mikononi, unaporwa, anatolewa nje, anaingia kwotabeki wa akiba Zappe, anajifanya anaupiga mpira chini kusimamisha saa halafu anaurusha katikati ya kundi la Colts, nao unaporwa. Mechi imeisha. Mwezi wa tatu Mac tumemuuza Jacksonville kwa chaguo la raundi ya sita, mtu tuliyemchukua namba 15 mwaka 2021.

Kwa hiyo ukitaka kujua tatizo letu ni nini, tatizo sio difensi. Christian Gonzalez akirudi mzima tuko vizuri. Tatizo ni kwamba hatuna mtu wa kurusha mpira, hatuna wa kuudaka, na upande wa kushoto wa ukuta Trent Brown kaenda Bengals tumemleta Okorafor, mzaliwa wa Botswana, nampenda kwa sababu hiyo lakini tusidanganyane, pale Steelers alikuwa anacheza kulia.

Na jambo lingine, namba 3 ni kubwa. Toka tumchukue Drew Bledsoe namba 1 mwaka 1993 hatujawahi kuchagua juu hivi. Zaidi ya miaka 30. Hii nafasi sio ya kila mwaka, na Mungu akipenda isirudi tena.

Tuanze kuwapunguza. Caleb Williams wa USC sahau, Bears watamchukua namba 1, hakuna stori hapo. Namba 2 ni Washington na kila anayejua anasema ni Jayden Daniels wa LSU. Daniels ndo mshindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, yadi 3,812 za pasi, tachidauni (mabao) 40, pasi zilizoporwa 4 tu, na juu yake kakimbia yadi 1,134. Mechi ya Florida alirusha yadi 372 akakimbia 234, hakuna mtu aliyewahi kufanya vile ngazi ile ya vyuo. Wanaomtilia shaka wanasema ana umri mkubwa kidogo, miaka 23, kakaa chuo miaka mitano, mwili mwembamba na anapenda kugongwa, anakimbia akikutana na mlinzi hajirushi chini anaenda naye kifua kwa kifua. Halafu pembeni alikuwa na Malik Nabers na Brian Thomas. Sawa, yote ya kweli. Ila sidhani kama tutamwona namba 3 kwa hiyo simkalii sana.

Tunabaki na njia nne. Maye, McCarthy, Harrison, au kuuza nafasi tukashuka.

Drake Maye wa North Carolina. Futi 6 inchi 4, kilo mia na kitu, miaka 21. Huyu ndo amegawa watu kuliko wote na naelewa kwa nini, maana ana misimu miwili na kila mtu anaangalia anaoutaka. 2022: yadi 4,321, tachidauni 38, zilizoporwa 7, na mbio yadi 698 juu yake. Mchezaji bora wa ligi yao ya ACC akiwa ndo kwanza anaanza. 2023: yadi 3,608, tachidauni 24, zilizoporwa 9, pasi zilizofika asilimia 63. Kashuka. Wanaompinga wanaishia hapo, kashuka, kwisha. Na wana hoja, timu ilikuwa haijapoteza mechi sita mfululizo afu wakafungwa nyumbani na Virginia ambao mpaka siku hiyo walikuwa wameshinda mechi moja tu. Ukiangalia mikanda yake utaona kuna pasi za mita chache kabisa, mtu yuko peke yake, Maye anamrushia miguuni. Miguu yake haijatulia, wakati mwingine anarusha mwili umeelekea kwingine. Sio uongo wa wapinzani, kipo.

Sasa wanachokiruka ni nini kilibadilika kati ya ule msimu na huu. Kocha wake wa ofensi Phil Longo kaenda Wisconsin, kaja mwingine na mfumo mwingine. Mpokeaji wake mkuu Josh Downs kaenda Colts. Aliyeletwa kuziba pengo, Tez Walker, NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, wakamzuia kucheza mpaka Oktoba. Yaani kijana kabadilishiwa mwalimu na kapokonywa watu wake, na bado katoa yadi 3,600 kwa mechi 12. Mi nikisikia hivyo sisikii mtu aliyeporomoka, nasikia mtu ambaye ameshaonja maisha ya hapa kwetu Foxborough, nyumbani kwa Patriots.

Na kuna vitu huwezi kumfundisha mtu. Mechi ya Pittsburgh, kabanwa, mlinzi kamning'inia upande wa kulia, mkono wa kurushia haupo huru, kauhamishia mpira mkono wa kushoto na kapiga pasi ya tachidauni. Kwa kushoto. Sisemi tumchukue kwa sababu ya ile pasi moja, na kocha yeyote mwenye akili angemgombeza kwa kujaribu, ila inakuonyesha mtu ambaye mambo yakiharibika kichwa hakizimi. Mac Jones mambo yakiharibika tulikuwa tunaona uso wake tu unabadilika rangi.

J.J. McCarthy wa Michigan. Huyu ana kitu ambacho wengine wote hawana, kushinda. 27-1 akiwa kwotabeki wa kuanza, msimu uliopita 15-0, kombe la taifa wamekifunga chuo cha Washington 34-13. Pasi zilizofika asilimia 72, tachidauni 22, zilizoporwa 4. Miaka 21 na ndo mdogo kuliko wenzake wote hawa. Anakimbia vizuri, anarusha vizuri akiwa anakimbia, na wanaomjua wanasema ni kiongozi. Nusu fainali na Alabama, wako nyuma kwa pointi 7, dakika za mwisho, jaribio la nne na yadi 2 zinahitajika, ukikosa msimu wako umeisha hapo hapo, katulia kampa Blake Corum mpira upande, wakaendelea, akamalizia kwa Roman Wilson, wakaenda muda wa nyongeza wakashinda. Presha haimtishi, hilo nampa bila ubishi.

Lakini mzee, umeona alivyokuwa anatumika? Mechi ya Penn State, mechi kubwa ya ugenini, karusha pasi 8 mechi nzima. Nane. Kipindi cha pili kocha Sherrone Moore, aliyemshikia nafasi Harbaugh aliyekuwa amesimamishwa, aliamua ni kukimbia tu, mara 32 mfululizo, na wakashinda 24-15. Msimu mzima McCarthy karusha mara 332 kwa mechi 15, Maye karusha 425 kwa mechi 12. Sio kosa la McCarthy, ukuta wake ulikuwa bora kuliko wa mtu yeyote na difensi ilikuwa inanyonga watu, ungekuwa kocha ungefanya vile vile. Ila mi nikitaka kumpa mtu namba 3 nataka niwe nimemwona timu iko nyuma pointi 10 robo ya tatu na yeye ndo anatakiwa kuibeba, na kwa McCarthy hiyo video haipo au ipo kidogo sana. Kwa Maye zipo mpaka unachoka, maana difensi ya North Carolina ilikuwa inaruhusu pointi kama haina kazi nyingine.

Kwa hiyo ukiwaweka hawa wawili pamoja swali ni moja tu, unanunua kilichoonekana au unanunua kinachoweza kuwepo. McCarthy chini yake iko juu, sidhani kama atakuwa kimeo, naona mtu wa kukushindia mechi 9 au 10 ukimzungushia timu nzuri. Shida, timu nzuri ya kumzungushia iko wapi? Maye chini yake ni mbaya zaidi, anaweza kugeuka galasa kabisa akaporwa pasi 20 msimu mmoja, lakini juu yake hakuna wa kumfikia hapo namba 3. Na sisi tuko kwenye kundi moja na Josh Allen mara mbili kwa mwaka, afu ukitoka hapo kwenye mchujo kuna Mahomes, Burrow, Lamar, Stroud. Ukienda vitani AFC, upande wetu wa ligi, na kwotabeki wa "sio mbaya", utaishia kuangalia Super Bowl nyumbani kama sisi wengine.

Na Josh Allen huyo huyo, akitoka Wyoming mwaka 2018, walimsema hivi hivi, harushi kwa usahihi, miguu mibaya, ana mkono tu. Alichukuliwa namba 7. Sijasema Maye ni Allen, wapo kina mkono mkubwa kibao waliopotea, Trey Lance alichaguliwa namba 3 hii hii mwaka 2021, 49ers walitoa chaguo tatu za raundi ya kwanza kumpata, kaanza mechi nne tu wakamuuza Dallas kwa raundi ya nne, na aliyewabeba ni Brock Purdy aliyechaguliwa wa mwisho kabisa namba 262. Hiyo ndo hofu, naijua. Tofauti ni kwamba Lance alikuwa na msimu mmoja wa kueleweka kwenye ngazi ya chini, Maye ana miwili kwenye ACC.

Haya, Marvin Harrison Jr. Hapa ndo nagombana na marafiki.

Kama swali ni nani mchezaji mwenye uhakika zaidi kati ya hawa wote, jibu ni Harrison na hakuna cha kujadili. Ohio State, futi 6 inchi 3, baba yake yuko Hall of Fame kwa kazi ile ile. 2022 akiwa na C.J. Stroud anamrushia: yadi 1,263, tachidauni 14. 2023 Stroud kaondoka, kaja Kyle McCord ambaye sio Stroud hata kwa mbali: yadi 1,211, tachidauni 14. Kwotabeki kabadilika, namba hazijabadilika, hiyo inakwambia kila kitu. Anakata kona kwa ule urefu wake kama mtu mfupi, mikono haidondoshi. Na sisi kwa wapokeaji tuna historia ya aibu, 2019 tulimchukua N'Keal Harry namba 32 wakati Deebo Samuel, A.J. Brown na DK Metcalf wote bado wapo mezani. 2022 Tyquan Thornton namba 50, George Pickens kachukuliwa namba 52. Calvin Ridley majuzi tumemtaka, kaenda Tennessee. Msimu uliopita mpokeaji wetu aliyeongoza ni DeMario Douglas, dogo wa raundi ya sita, yadi 561, na nampenda yule dogo lakini kama ndo nyota wako una matatizo. Kwa hiyo naelewa mtu anayesema basi kwa mara moja chukueni kitu cha uhakika.

Ila niambie nani anamrushia. Jacoby Brissett, yule mkongwe tuliyemleta? Mzee mwenzangu nakuheshimu lakini 2007 Detroit walimchukua Calvin Johnson namba 2, mpokeaji bora kuliko hata huyu, mwaka uliofuata kapata yadi 1,331 na tachidauni 12. Unajua Lions walimaliza na ushindi mechi ngapi mwaka huo wa 2008? Sifuri. 0-16. Mpokeaji hawezi kujirushia mpira. Na Giants 2018 walisema wanachukua "mchezaji bora" wakamchukua Saquon Barkley namba 2, kweli kipaji, saivi kashahamia Philadelphia na wao bado wanahangaika na kwotabeki.

Hoja ya pili ni kwamba mwaka huu wapokeaji wamejaa. Nabers yupo, Rome Odunze wa chuo cha Washington yupo na yadi zake 1,640, Brian Thomas yupo, na hao ni wa juu tu. Sisi tuna namba 34 na namba 68. Kina Ladd McConkey, kina Xavier Worthy aliyekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.21 akavunja rekodi Indianapolis, mmoja wao anaweza kuteremka mpaka 34. Houston mwaka jana walimchukua Stroud namba 2, Tank Dell wakamwokota namba 69, Nico Collins walishampata raundi ya tatu 2021, na wamecheza mchujo. Mpokeaji raundi ya pili na ya tatu unampata kila mwaka. Kwotabeki raundi ya tatu unampata ukiwa na bahati ya Tom Brady, na ile bahati sisi tumeshaitumia yote, namba 199 mwaka 2000, makombe sita, haki yetu tumekula.

Halafu kuna njia ya nne, kuuza, na hii nitakaa nayo kidogo maana ndo inayotetewa na watu wenye akili zaidi kwenye ubishi huu.

Vikings wamempoteza Kirk Cousins kaenda Atlanta, hawana kwotabeki, na mwezi wa tatu wakafanya biashara na Texans wakapata namba 23 juu ya namba 11 waliyonayo. Mtu hakusanyi vile kwa kujifurahisha, anataka kupanda. Giants nao wako namba 6 na kwotabeki wao Daniel Jones kaumia goti. Sasa chukulia Vikings wanasema nawapa 11, 23 na raundi ya kwanza ya mwakani. Namba 11 unachukua mtu wa ukuta, Fuaga wa Oregon State au Latham wa Alabama au Fashanu wa Penn State, mmoja atakuwepo. 23 unachukua mpokeaji. 34 mwingine. Mwakani una raundi ya kwanza mbili, unatafuta kwotabeki ukiwa na nyumba tayari. Kwenye karatasi ni tamu sana. Na ushahidi upo, Bears mwaka jana walikuwa na namba 1, wakawauzia Panthers, wakapata DJ Moore na chaguo kibao, na moja ya zile chaguo ndo hii namba 1 wanayomchukulia Caleb Williams. Panthers wameshinda mechi mbili.

Kwa hiyo sio wazo la kijinga. Ila angalia pande zote. Bears walibahatika kwamba aliyenunua alikuwa mbovu kupindukia. Vikings wana Justin Jefferson, wana Jordan Addison, wana kocha mzuri, ile raundi ya kwanza yao ya mwakani inaweza kuwa namba 20 huko. Na mwakani kwotabeki wanaotajwa ni kina Shedeur Sanders wa Colorado, na wengi wanaona mwaka huu umeshiba kuliko ujao. Utakuwa umejenga nyumba nzuri halafu hakuna wa kumkabidhi funguo. Buffalo 2017 waliuza namba 10 kwa Chiefs wakashuka 27, Chiefs wakamchukua Mahomes. Buffalo hawakuumia sana kwa sababu mwaka uliofuata walipanda wakampata Allen, lakini waulize wametolewa na Mahomes kwenye mchujo mara ngapi toka hapo. Tatu.

Kushuka mpaka namba 6 na Giants ni habari nyingine, hapo unaweza kupata Joe Alt wa Notre Dame, yule jitu la futi 6 na inchi 8 la kukaa kushoto miaka kumi, au hata Nabers. Kama nalazimishwa kuuza, nauza hapo kabla ya Vikings.

Sasa ile hoja ya ukuta, kwamba ukimleta chipukizi mwaka huu atavunjwa. Hii naikubali kabisa na ndo maana sioni kama inapingana na kumchukua Maye. Brissett tumemleta kwa kazi gani? Kocha wa ofensi Alex Van Pelt alifanya naye kazi Cleveland, anaujua mfumo, acha yeye ndo agongwe miezi ya mwanzo. Wolf katokea Green Bay, Van Pelt kapita Green Bay, na Green Bay ndo wanaojua kusubiri, Aaron Rodgers kakaa benchi miaka mitatu nyuma ya Favre, Jordan Love kakaa mitatu nyuma ya Rodgers. Sisemi miaka mitatu, mashabiki wa hapa watachoma uwanja. Nasema dogo anyooshewe miguu, ajifunze kurusha zile pasi fupi bila haraka, akiingia Novemba sawa, asipoingia sawa. McCarthy naye angefaidika hivyo hivyo, hilo ni kweli.

Kwa hiyo unachaguaje? Kama unaamini timu inajengwa kuanzia chini na una uvumilivu wa kuona mwaka mwingine wa 4-13, uza, na sitakucheka. Kama huwezi kuvumilia galasa lingine, yaani Harry na Mac wamekumaliza roho, Harrison ndo usingizi wako. Kama kilichokukera msimu uliopita ni kuona timu haijui kushinda mechi za 10-7, McCarthy anajua, ila mchukue baada ya kushuka kidogo, sio namba 3. Na kama unaona kama mi ninavyoona, kwamba nafasi hii imekuja baada ya miaka 30 na kwotabeki wa kubadilisha timu hapatikani namba 15, ni Maye.

Oda yangu ya Alhamisi iko hivi. Maye akiwepo chukua, kadi ipelekwe mezani hata dakika kumi zisiishe, simu ya Minnesota isipokelewe. Washington wakishangaza watu wakamchukua Maye wao, basi Daniels atakuwa kateremka kwetu, chukua Daniels bila kufikiria mara mbili. Halafu namba 34 ni mpokeaji au mtu wa kushoto, yeyote kati ya hao atakayekuwa juu zaidi kwenye orodha yao, na 68 ni yule atakayebaki kwenye hiyo mbili. Wakimchukua Harrison nitanuna mpaka Septemba halafu akidaka ya kwanza nitapiga kelele kama kawaida. Wakimtaja McCarthy hapo tatu, wa Dar mnaokesha nipigieni, nitakuwa macho na nitakuwa na maneno.